Shauri Juu ya Mifereji ya Mashamba Yetu



Neno lililo mbele yetu ni hili: mifereji ya zamani iletayo maji ya mto Turkwel katika mashamba ya Lodwar tuibadilishe kwa njia gani? Mchanga na mathenge vimeizonga. Wako wapendao mabomba ya matone, na wako wapendao visima virefu.

Kabla hatujachagua, na tukumbuke mambo mawili. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kiwanda cha kugandisha samaki kilijengwa Kalokol kwa msaada wa Norway. Punde ziwa likarudi nyuma, Ghuba ya Ferguson ikakauka, na samaki wakaadimika. Tena, mwaka 2013 ilitangazwa kwamba chini ya Lotikipi kuna maji mengi. Yalipopimwa baadaye yalikutwa na chumvi nyingi.

Basi shauri letu ni kwamba maji yapimwe kwanza, ladha yake na wingi wake wakati wa kiangazi. Wala kisichaguliwe chombo ambacho vijana wetu hawawezi kukitengeneza. Mfereji wa udongo wenye watu wa kuuzibua wafaa kuliko bomba jipya lisilo na fundi. Mfadhili hurudi kwao. Shamba hubaki nasi.