Tulipovuka mpaka mara ya kwanza

Maneno tuliyoyasema mbele ya familia zilizohama makwao pamoja na viongozi wao



Tumeombwa kusema juu ya amani kati ya vijana. Sisi si wataalamu. Tutawaelezea safari moja tu, ile ya kwanza kwetu kutoka nje ya Kongo, tulipokuwa wanafunzi wa sekondari huko Uvira.

Ilikuwa Julai 2009. Tulikuwa wanafunzi 22 na walimu wawili. Kati yetu kulikuwa na Wafuliru, Wavira, Wabembe na Wanyamulenge. Taa za Bujumbura tulikuwa tunaziona usiku ng'ambo ya ziwa, lakini wengi wetu hatukuwa tumefika huko. Wazazi walichanga pesa kidogo kidogo mpaka zikatosha. Ndani ya gari kila mmoja alikaa na watu wa kabila lake. Hakuna aliyetuamuru. Tulikuwa tumezoea hivyo tangu darasani.

Kabla hatujafika mpakani, gari lilisimamishwa kwenye bariera. Mtu mwenye bunduki alitutazama nyuso, akawaonyesha wenzetu wanne kwa kidole: «Ninyi, shukeni. Ninyi si Wakongomani.» Walikuwa na karte za shule kama zetu. Walikaa chini juani karibu saa mbili, mpaka walimu walipofaulu kuwaombea. Sisi wengine tulibaki ndani ya gari. Wengine walikula karanga. Hakuna aliyesema neno.

Tulipovuka, tulishangaa kuona watu wanakula vyakula vyetu: ugali, sombe, ndagala. Katika Bujumbura wengi walitujibu kwa Kiswahili. Kesho yake tulifuata njia ya ziwa mpaka Rumonge, tukapita kwenye michikichi, kisha tukapanda milima ya Bururi. Huko kulikuwa na baridi, nasi hatukubeba mavazi ya kutosha.

Tulikuwa tunakwenda Buta, kwenye seminari ndogo. Mzee mmoja alitueleza habari kwa Kirundi, na mwalimu wetu akatafsiri. Burundi ilikuwa vitani tangu 1993, mwaka ambao Rais Melchior Ndadaye aliuawa. Alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997, watu wenye silaha waliingia katika seminari hiyo. Waliwakuta wanafunzi bwenini, wakawaamuru wajitenge: Wahutu upande huu, Watutsi upande ule. Vijana wale walikataa. Ndipo wakawaua kwa risasi na kwa magruneti. Walikufa wanafunzi 40. Wamezikwa pamoja hapo hapo, Wahutu na Watutsi.

Tulisimama mbele ya makaburi yale. Wengi wa waliolala pale walikuwa na umri kama wetu. Ndipo mmoja wa wale wenzetu wanne akauliza kwa sauti ndogo: «Na ninyi, juzi kwenye bariera?»

Hatukuwa na jibu. Wale wa Buta waliambiwa wajitenge huku bunduki ziko mbele yao, wakakataa. Sisi tulikuwa tumejitenga wenyewe kabla gari halijaondoka Uvira.

Usiku ule tuliongea mpaka usiku wa manane. Mmoja wetu alisema wazi kwamba nyumbani alifundishwa kuwaogopa wale wanne. Mwingine alisema kwamba baba yake aliuawa, naye hajui amsamehe nani. Hatukumaliza mambo yote, lakini tuliombana msamaha.

Wakati wa kurudi, kwenye bariera ile ile, wanne wale waliitwa tena. Safari hii tulishuka wote 22. Tulikaa chini pamoja. Tulicheleweshwa mpaka jua likazama, na nyumbani wazazi wengine walitukasirikia sana. Lakini tulirudi wote katika gari moja, kila mmoja akikaa popote.

Wapendwa, tangu siku hizo vita havijaisha kwetu. Baadhi yetu tumekimbia zaidi ya mara moja. Ndiyo sababu tunawaomba mambo matatu. Wazazi, angalieni maneno mnayosema jioni watoto wakisikiliza, kwa maana ndiyo wanayokwenda nayo shuleni. Viongozi, wakati wa kugawa chakula au kupanga vijana katika vikundi, msiwatenge kwa kabila, hata ikiwa orodha inakuwa rahisi zaidi hivyo. Na ninyi vijana, mwenzako akiambiwa ashuke, shuka naye.

Hatuwezi kuahidi kwamba atakayeshuka hatapata shida. Wale wa Buta walipoteza maisha. Lakini sisi tuliobaki kwenye gari siku ile ya kwanza, aibu yake tunayo mpaka leo.

Mungu awalinde, awarudishe nyumbani kwa amani.