Loretta wa Kentucky, Mzee Galana wa Tana

Ukidhani muziki wa kantri ni kofia pana na farasi tu, itazame Coal Miner's Daughter, filamu ya 1980. Inasimulia maisha ya mwimbaji Loretta Lynn, binti wa mchimba makaa ya mawe wa Kentucky, aliyeolewa akiwa kigori bado. Sissy Spacek, aliyemwigiza, aliziimba nyimbo za Loretta kwa sauti yake mwenyewe, akatuzwa Oscar. Ukishaijua dhiki ile, gitaa halikuchoshi tena.

Sasa tuje kwetu Garsen. Lahani ya wimbo wa taifa wa Kenya wa 1963 ilitokana na wimbo wa Wapokomo wa kubembeleza watoto, na Mzee Meza Morowa Galana ndiye anayetajwa kuwa mtunzi wake. Shuleni tumeuimba sote; jina lake tunalijua wangapi? Watengenezaji filamu wa Pwani, kazi ya kumtengenezea filamu yake ni yenu. Nanyi wa kaunti, wafadhilini.