Heshima Inayolea: Historia ya Kuwaenzi Wanawake na Haja ya Jumuiya ya Wanafunzi wa Kike wa Misitu

Mada kwa ajili ya warsha ya elimu ya misitu, Kigali

1. Utangulizi



Jumuiya za kuwaenzi wanafunzi bora wa misitu zina umri mrefu. Xi Sigma Pi ilianzishwa mwaka 1908 katika Chuo Kikuu cha Washington, Marekani. Hata hivyo, anayetaka kuunda jumuiya ya wanafunzi wa kike wa misitu Rwanda hahitaji kuvuka bahari kutafuta mfano. Afrika Mashariki ina historia yake ya kuwaenzi wanawake, kwa elimu na kwa miti. Hoja yangu ni moja: historia hiyo yafundisha kwamba heshima hudumu pale mpokeaji anapopata wa kumlea, naye akakabidhiwa wa kulea.

2. Kazi iliyotangulia heshima

Mwaka 1971 Wangari Maathai wa Kenya alitunukiwa shahada ya uzamivu na Chuo Kikuu cha Nairobi, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na ya Kati kufika daraja hilo. Mwaka 1977, chini ya Baraza la Taifa la Wanawake wa Kenya, alianzisha Green Belt Movement, harakati ya kupanda miti. Wanawake wa vijijini walipoanza kuotesha miche, wataalamu wa misitu walitia shaka: wasiosomea kazi hii wataiwezaje? Wanawake walijibu kwa vitalu. Walikusanya mbegu, wakaotesha, wakapanda, wakalipwa kiasi kidogo kwa kila mche ulioshika. Ndio waliokuja kuitwa wataalamu wa misitu wasio na diploma.

Tuzo ya Nobel ya Amani ilimfikia Maathai mwaka 2004, miaka 27 baada ya kazi kuanza. Binti anayesoma misitu leo hapaswi kusubiri muda kama huo ndipo taaluma yake imtambue.

3. Mfano wa Kigali

Hapa Kigali, shule ya wasichana ya FAWE (Jukwaa la Wanawake Waelimishaji wa Afrika), iliyoko Gisozi, ilifunguliwa mwaka 1999, taifa likiwa bado linajijenga upya baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Mwaka 2005 taasisi ya Mama Jeannette Kagame, mke wa Rais, ambayo leo ni Imbuto Foundation, ilianza kuwatuza wasichana wanaofanya vizuri katika mitihani ya taifa. Wasichana hao huitwa Inkubito z'Icyeza. Hutuzwa hadharani, mbele ya wazazi, walimu na viongozi, na jamii nzima hushuhudia kwamba akili ya binti ni mali ya taifa.

Tuzo hiyo humfikisha binti mlangoni mwa chuo kikuu. Baada ya hapo huja mambo mengine: kuchagua fani, kulala kambini wakati wa mafunzo ya vitendo, kupima vipenyo vya miti kwenye miteremko, kisha kutafuta kazi. Hapo ndipo anapohitaji wenzake wa fani.

4. Ngazi ya ulezi

AWARD, mpango wa wanawake katika utafiti wa kilimo Afrika ulioanza Nairobi mwaka 2008, uliliona jambo hili. Wanawake watafiti wa kilimo, wakiwemo Wanyarwanda, waliunganishwa kila mmoja na mlezi mwenye uzoefu, na kila mmoja akamlea mwanasayansi chipukizi. Heshima iligeuka wajibu, na kwa njia hiyo ikapita mikono mingi.

5. Kwa nini misitu

Msitu wa Gishwati, magharibi mwa Rwanda, ulikuwa na hekta zipatazo 28,000 katika miaka ya 1970. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilibaki kama 600. Mwaka 2011 Rwanda iliahidi kurejesha uoto katika hekta milioni 2. Mwaka 2015 Gishwati na msitu wa Mukura vikawa hifadhi moja ya taifa, na mwaka 2019 ilitangazwa kwamba misitu imefikia asilimia 30.4 ya nchi.

Kuitunza hatua hiyo ni kazi ya mashambani, ambako miti na mazao huishi pamoja. Sheria ya mwaka 1999 iliwapa mabinti haki ya kurithi ardhi sawa na kaka zao, na mwenye ardhi ndiye anayeamua apande mti gani. Mwanamke mwenye ardhi ndiye pia anayehangaikia kuni na majani ya ng'ombe. Bibi misitu anayeyajua hayo kwa undani atazungumza naye kama mshirika.

6. Mapendekezo

(a) Chuo Kikuu cha Rwanda, kampasi ya Busogo, pamoja na chuo cha Kitabi kando ya msitu wa Nyungwe, viunde jumuiya moja ya wanafunzi wa kike wa misitu.

(b) Uanachama utokane na alama za darasani pamoja na kazi ya kitaluni na msituni.

(c) Kila mwanachama awe na mlezi aliye kazini, naye amlee msichana mmoja wa sekondari.

(d) Jumuiya itunze kumbukumbu za wanachama: walisoma nini, walipanda wapi, wanafanya kazi gani.

7. Hitimisho

Ndugu washiriki, tuzo tunazo, vyuo tunavyo, na mabinti wako humu ukumbini. Naomba warsha hii isifungwe kabla ya kuteua kamati ya kuandika katiba ya jumuiya hii, na walio wengi katika kamati hiyo wawe wanafunzi wenyewe.