Leseni: Neno, Asili Yake na Haki Yetu

Hotuba kwa wafanyabiashara na waumini, Soko la Toi, Nairobi



Wiki iliyopita mama mmoja auzaye mitumba sokoni humu aliniuliza: "Wakili, tukitaka kukusanyika hadharani tuzungumzie vyoo vya soko letu, leseni tuiombe wapi?" Nimeona vyema kwanza tulichambue neno lenyewe.

Leseni ni neno la Kiingereza, "licence". Waingereza walilipokea kwa Wafaransa, nao Wafaransa walilirithi kutoka Kilatini, "licentia", yaani uhuru wa kutenda. Hadi leo Kiingereza hulitumia kwa maana mbili zinazokinzana: hati ya kuruhusiwa, na uhuru uliovuka mpaka. Hata mshairi akatae neno ili mizani itimie, jambo tuliitalo inkisari, kwa Kiingereza husemwa anatumia leseni yake. Wala hakuna karani wa kumdai ada.

Sisi tunalo neno "ruhusa", la asili ya Kiarabu. Mzizi wake ndio uliotupa pia "rahisi", neno mlisikialo hapa kutwa kucha. Ajabu ni kwamba ruhusa katika nchi yetu haikuwa rahisi.

Je, neno la uhuru liligeukaje kuwa kufuli? Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilitunga Sheria ya Utulivu wa Umma. Mkoloni akaondoka, sheria ikabaki, na aliyetaka kuhutubia umma akapaswa kupata leseni ya serikali. Mwaka 1990 Kenneth Matiba na Charles Rubia walinyimwa leseni ya mkutano wa Kamukunji. Wakatiwa kizuizini siku tatu kabla ya Saba Saba. Wananchi walikwenda hata hivyo, na wengine hawakurudi nyumbani.

Mwaka 1997, marekebisho yaliyoafikiwa na wabunge wa vyama mbalimbali yaliiondoa leseni hiyo na kuweka ilani mahali pake. Katiba ya 2010, ibara ya 37, ikathibitisha haki ya kila mtu kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko, kwa amani na bila silaha.

Basi mama, jibu lako ni hili. Leseni ya biashara ilipie kaunti. Ya mkutano usiiombe, kwa kuwa haipo. Mwandikieni mkuu wa kituo cha polisi ilani, si chini ya siku 3 wala zaidi ya siku 14 kabla ya mkutano. Tajeni siku, saa na mahali, nanyi mbaki na nakala iliyopigwa mhuri. Mnamjulisha; hammwombi. Akiwaambia kwamba wengine wametangulia kutoa ilani ya mahali hapo na saa hiyo hiyo, chagueni siku nyingine. Akiwauliza leseni, mwonyesheni nakala hiyo, kwa heshima, na mwendelee.

Mungu awabariki.