Kushirikishwa Si Kusaini Daftari la Mahudhurio

(Hii ni hotuba niliyoitoa kwenye darasa la vijana wa chama. Wengi mliomba maandishi yake, nimeyaweka hapa karibu kama nilivyosema.)



Nimepewa mada ndefu kama treni ya mizigo: "Ushirikishwaji wa wadau na utii wa masharti ya serikali kuu katika mipango ya usafiri wa kanda." Najua jina hilo linaleta usingizi. Lakini niwaulize kitu kimoja. Hivi ni nani aliamua kituo cha basi kiwe pale kilipo, na kisiwe pale mamalishe wanapouzia? Nani aliamua barabara ipite kwa babu yako na siyo kwenye uwanja wa gofu? Hayo ndiyo maswali ya leo. Barabara ni siasa kabla haijawa lami.

Mkutano wa wadau tunaujua. Hema limefungwa, viti vya plastiki vimepangwa, mtaalamu kaja na projekta na ramani ambayo njia imeshachorwa tayari kwa rangi nyekundu. Linapita daftari, unaandika jina, namba ya simu na sahihi. Chai na sambusa. Maswali matatu, majibu ni "tumelichukua". Baada ya mwaka ripoti inatoka: wananchi walishirikishwa. Ushahidi? Sahihi yako.

Sasa leo nataka niwapeleke Marekani. Msinielewe vibaya, sisemi kule ni peponi. Nawapeleka kule kwa sababu nchi ile iliumiza watu kwa barabara, watu wakapiga kelele, ikalazimika kuandika masharti, na masharti hayo yamepimwa kwenye kesi ambazo tunaweza kuzichambua moja moja.

Rondo

Mwaka 1956 Marekani ilipitisha sheria ya barabara kuu. Serikali ya shirikisho, yaani ile ya Washington, ilikubali kulipa asilimia 90 ya gharama za mtandao wa barabara kuu zinazounganisha majimbo. Fikiria wewe ni mhandisi wa jimbo: senti 90 katika kila dola inatoka kwa mwingine. Unachotafuta ni ardhi ya bei nafuu na watu wasio na mtu wa kuwasemea.

Katika mji wa St. Paul, jimbo la Minnesota, kulikuwa na mtaa unaitwa Rondo. Ulikuwa mtaa wa Wamarekani Weusi, wenye maduka yao, makanisa yao na nyumba walizozinunua kwa jasho. Barabara kuu ya I-94 ilipitishwa katikati yake. Mamia ya familia zikaondolewa, biashara zikafa, mtaa ukagawanyika vipande viwili. Julai 2015 Meya wa mji, Chris Coleman, aliomba radhi hadharani. Karibu miaka 60 imepita ndipo "samahani" ikafika. Radhi haijengi nyumba, jamani.

Nani wa Dar es Salaam hakumbuki 2017, nyumba zilipobomolewa kando ya Barabara ya Morogoro kuanzia Kimara? Alama ya X nyekundu ukutani haina lugha ya Kiingereza wala Kiswahili. Kila mtu anaisoma.

Masharti yanayofuata hela

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Kelele za watu wa miji mingi ziliisukuma Marekani kuweka masharti, na ujanja wake ni mmoja: masharti yamefungwa kwenye hela.

Sheria ya mwaka 1962 ilisema mji wenye watu zaidi ya 50,000 hautapata fedha za barabara kutoka Washington bila mchakato wa mipango ulio endelevu, unaoangalia mambo yote kwa pamoja, na unaofanywa na jimbo pamoja na serikali za mitaa. Ndiko vilikotokea vyombo vya mipango ya usafiri vya kanda. Leo viko zaidi ya 400. Sheria nyingine ya 1991 ikavipa vyombo hivyo meno zaidi na kuipa sauti ya wananchi nafasi kubwa.

Kazi yao ikoje? Kila kanda lazima iwe na mpango wa usafiri unaotazama mbele miaka isiyopungua 20. Chini yake kuna orodha ya miradi ya miaka isiyopungua minne, na mradi hauingii kwenye orodha kama hela yake haijulikani itatoka wapi. Hapo tu, wapambanaji, ahadi nyingi za kampeni zingekufa kabla ya kuzaliwa.

Halafu kuna mpango wa ushirikishaji wenyewe, ulioandikwa. Kabla ya kuupitisha, lazima uwekwe hadharani siku zisizopungua 45 watu watoe maoni. Mikutano ifanyike mahali panapofikika na saa ambazo watu wanaweza kuja. Chombo kiwatafute wale ambao kwa kawaida husahauliwa, wenye kipato kidogo na jamii za wachache, na kionyeshe maoni yalijibiwaje. Kwenye kanda zenye mji wa watu zaidi ya 200,000, maofisa wa shirikisho wanakuja kukagua angalau kila miaka minne kama mchakato unafuata sheria.

Juu ya hayo kuna Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964. Sehemu yake ya sita inakataza yeyote anayepokea fedha za shirikisho kubagua watu kwa rangi au asili yao. Shikeni hiyo, nitairudia.

Vituo vitatu

Tubaki St. Paul. Kanda ile iliamua kujenga treni ya mjini kuunganisha St. Paul na Minneapolis, kupitia barabara ya University, kandokando ya kilichobaki cha Rondo. Michoro ilipotoka, watu wakaona jambo. Kwenye kipande cha mashariki, wanakoishi Weusi, Wahmong, Wavietnamu na watu wa kipato cha chini wanaotegemea basi kila siku, vituo viliwekwa mbali mbali, kama maili moja kutoka kimoja hadi kingine. Na basi namba 16 lililosimama karibu nao lingepunguzwa. Kwa hiyo treni ingepita mbele ya mlango wako bila kusimama, na basi lako limepungua.

Walipouliza, wakajibiwa: tatizo ni Washington. Kulikuwa na kipimo cha serikali ya shirikisho kilicholinganisha gharama ya mradi na faida ya kuokoa muda wa abiria. Ukiongeza vituo gharama inapanda, treni inachelewa, alama zinashuka, na mradi mzima unaweza kukosa nusu ya hela inayotoka shirikisho.

Hapa ndipo nataka vijana mfungue masikio. Wale watu hawakuishia kulalamika. Vikundi vya mitaa vilijiunga katika muungano, wakauita Stops for Us, yaani vituo kwa ajili yetu. Walidai vituo vitatu kwa majina: Hamline, Victoria na Western. Walielewa kipimo kinafanyaje kazi, wakabana viongozi wa kanda, kisha wakakifuata kipimo chenyewe hadi Washington. Januari 2010 Waziri wa Uchukuzi, Ray LaHood, alitangaza kwamba kipimo kile hakitakuwa tena mlango wa kufunga miradi. Manufaa kwa jamii na mazingira yatahesabiwa pia. Mwezi huohuo vituo vitatu vikapata kibali. Treni ilianza kubeba abiria Juni 2014, na inasimama Hamline, Victoria na Western.

Na kuna waliokwenda mahakamani pia. Januari 2011 jaji wa shirikisho alisema tathmini ya athari haikuchambua vya kutosha hasara ya wafanyabiashara wakati wa ujenzi. Hakusimamisha ujenzi, lakini aliagiza kasoro hiyo ishughulikiwe. Mwenye duka dogo ambaye barabara yake inachimbwa miezi kadhaa anajua uzito wa sentensi hiyo.

Dola milioni 70

Mfano wa pili ni Oakland, California. Shirika la treni la BART lilitaka kujenga kipande cha reli ya juu, kama kilomita tano, kutoka kituo cha treni hadi uwanja wa ndege. Katikati kuna mitaa ya watu wa kipato cha chini, lakini treni isingesimama humo. Basi lililokuwepo lilikuwa la dola 3. Nauli ya treni mpya ingekuwa juu zaidi.

Septemba 2009 makundi ya kiraia yaliandika malalamiko kwa mamlaka ya shirikisho ya usafiri wa umma. Hawakuandika "tunaonewa". Waliandika: kwa mujibu wa Sehemu ya Sita, BART ilitakiwa ifanye uchambuzi kuonyesha nauli na huduma hiyo itawaathiri vipi watu wa kipato cha chini na jamii za wachache, na haikufanya. Wakaguzi wakaja, wakakuta ni kweli. Februari 2010 Washington ikaondoa dola milioni 70 kwenye mradi ule, zikaenda kwa watoa huduma wa mabasi na treni wa kanda hiyo waliokuwa wakipunguza safari kwa kukosa hela.

Sasa niseme ukweli wote, maana sisi hatujengi chama kwa hadithi nusu. Mradi ule ulijengwa hata hivyo, kwa hela nyingine, ukafunguliwa Novemba 2014, nauli dola 6. Masharti hayakuuzuia. Kilichotokea ni kwamba kutowashirikisha watu kulikuwa na bei, na bei ililipwa na aliyevunja sheria, si na abiria peke yake.

Na jambo la tatu: mwaka 1994 Rais Clinton alitoa amri kwamba taasisi za shirikisho zizingatie haki ya maskini na jamii za wachache katika mambo ya mazingira. Januari 2025 amri hiyo ilifutwa na Rais Trump, kwa kalamu tu. Sheria ya 1964 bado ipo, kwa sababu ilipita bungeni. Chama kinachoandika ilani kisome somo hilo: haki uliyopewa kwa tamko huondoka kwa tamko.

Na sisi?

Kuna atakayesema sisi hatuna serikali ya shirikisho, haya yanatuhusu nini? Yanatuhusu. Katiba yetu, ibara ya 8, inasema wananchi watashiriki katika shughuli za serikali yao. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka tathmini ya athari kabla ya miradi mikubwa, na wananchi wasikilizwe ndani yake. Jirani zetu Kenya wameuweka ushirikishwaji kwenye ibara ya 10 ya Katiba yao, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ilisema watu wa Lamu hawakushirikishwa ipasavyo kwenye bandari, ikaamuru wavuvi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.76.

Na hela yenye masharti ipo hapahapa. Mwendokasi wa Dar es Salaam umejengwa kwa mikopo ikiwemo ya Benki ya Dunia na Benki ya Maendeleo ya Afrika. Benki ya Dunia ina masharti yaliyoandikwa kuhusu kushirikisha wadau na kuhamisha watu, na tangu 1993 ina Jopo la Ukaguzi ambalo watu wawili tu walioumizwa na mradi wanaweza kulipelekea malalamiko. Uganda wanajua. Wananchi wa kando ya barabara ya Kamwenge walilalamika, na Desemba 2015 Benki ikafuta mradi mzima wa barabara uliohusika.

Kwa hiyo kazi ni hizi, na ninazitaka zifanyike kila tawi.

Kwanza, kabla ya kupinga mradi wowote wa barabara au reli, ulizeni hela inatoka wapi. Ukishajua hela, utajua masharti.

Pili, ombeni tathmini ya athari kwa maandishi, mgonge muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yenu. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Tatu, mkienda kwenye mkutano wa wadau, msisaini karatasi tupu. Andika "nimehudhuria, maoni yangu nimeyaambatanisha", na uyaambatanishe kweli. Piga picha.

Nne, daini kitu chenye jina. Watu wa St. Paul walitaja vituo vitatu. Ukidai "maendeleo" utapewa hotuba. Ukidai kivuko cha waenda kwa miguu mbele ya shule fulani, au eneo la machinga kituo fulani, lazima wakujibu ndiyo au hapana.

Tano, wabunge na madiwani wetu walipeleke hili kama sheria: kila maoni yaliyotolewa yajibiwe kwa maandishi kabla hela haijatoka.

Wapinzani wetu watasema tunachelewesha maendeleo. Waambieni hivi: Rondo ilijengwa haraka, na mji ule unaendelea kuilipia mpaka leo. Haki inadaiwa, na anayeidai aje na hati mkononi.

 Tukutane kwenye matawi.