Mizani Kuukuu: Itengenezwe au Iachwe?



Nimeombwa nizungumzie swali linaloulizwa sana vyamani kila msimu unapokaribia. Chama kikiuziwa mizani iliyokwisha kutumika, nayo ina kasoro, je, yafaa kutengenezwa? Nasema juu ya mizani ya chini ya kupimia magunia, yenye mkono wa chuma na jiwe dogo linalosogezwa juu ya alama za kilo.

Jambo hili si dogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakulima wa pamba wa Usukuma, wakiongozwa na Paul Bomani, waliunda vyama vyao, na sababu moja kubwa ilikuwa kupunjwa kwenye mizani za wafanyabiashara. Mwaka 1955 vyama hivyo viliungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions. Itakuwa aibu mkulima apunjwe leo na mizani ya chama chake mwenyewe. Gramu 300 katika gunia la kilo 60 hazionekani kwa macho. Lakini kwa magunia 1,000 ni kilo 300, yaani magunia matano. Na mizani ikizidisha, chama ndicho kitakacholipia mzigo usiokuwapo.

Makosa ya mizani ni ya namna mbili. Liko kosa lililotulia: mizani hupunguza au huzidisha kwa kadiri ile ile kila mara. Hilo fundi hulirekebisha. Liko pia kosa linalohamahama: leo hivi, kesho vile. Hilo ndilo la kuogopwa.

Basi kabla ya kulipa hata senti moja, iwekeni mizani mahali pagumu palipo sawa, ifuteni vumbi, kisha ijaribuni hivi:

Kwanza, ikiwa tupu, mkono usimame sawasawa. Uguseni ucheze, mwone kama unarudi pale pale.

Pili, pimeni gunia moja mara kumi, mkiliondoa na kulirudisha. Andikeni kila jibu.

Tatu, wekeni uzito ule ule katika kila pembe ya kitako. Majibu manne yasitofautiane.

Nne, gunia likiwa juu, ongezeni kitu chepesi, mfano pakiti ya gramu 100. Mkono usiposogea, mizani ni nzito wa kuhisi.

Tano, tumieni mawe ya kupimia yenye mhuri. Msitumie dumu la maji, kwa kuwa madumu hayalingani.

Majibu yakiwa yanafanana lakini yamekosea kwa kiasi kimoja, au kasoro ni uchafu na kutu ya juujuu, kuna matumaini. Majibu yakihamahama hata baada ya kusafisha, tazameni vyuma vyenye makali mfano wa kisu, ambavyo mkono hukalia. Makali hayo yakiwa yameviringika au yamemeguka, kazi ni ya fundi bingwa na gharama yake ni kubwa. Mkono ukiwa umepinda au una ufa, iacheni. Kadhalika jiwe lililopotea lisibadilishwe kwa jiwe la mizani nyingine, maana kila mizani ina mawe yaliyotengenezwa kwa kadiri yake.

Hatimaye pigeni hesabu yote: bei ya kununulia, fundi, vipuri, usafiri na ada ya uhakiki. Linganisheni jumla hiyo na bei ya mizani mpya, wala si bei ya muuzaji peke yake. Mwulizeni pia Afisa Ushirika kama zao lenu limeagiziwa mizani ya kidijitali. Ikiwa ndivyo, kuitengeneza hii ni kutupa fedha.

Kwa hapa Tanzania, fundi wa mizani sharti awe na leseni, na mizani iliyotengenezwa haina ruhusa ya kununulia mazao mpaka Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa mwaka 2002, uihakiki na kuipiga mhuri. Uhakiki huo hurudiwa kila mwaka.

Ndugu makatibu, majaribio hayo yafanyeni mbele ya wajumbe wa bodi, na majibu yaingie katika kitabu cha kumbukumbu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Mwanachama akiuliza kwa nini mizani ilinunuliwa, au kwa nini ilikataliwa, asomewe tarakimu.