Anayevuta Naye Ashikwe

 

Sisi tunaokaa Majengo, hapa Nairobi, twaijua mizigo. Alfajiri mikokoteni hupita kuelekea Gikomba, na wenye kuivuta hupaaza sauti wapishwe njia. Jirani yetu ni Kariokor, mtaa uliopata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi waliobeba mizigo ya jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, 1914 hadi 1918. Makumi ya maelfu ya wapagazi hao hawakurudi makwao. Basi leo tuseme juu ya mzigo, na juu ya yule anayeuvuta.

Mjane mmoja wa ushirika wetu alikuwa na mashine kuukuu ya kusagia mahindi uani kwake. Marehemu mumewe aliiacha hapo, ikakaa miaka mingi ikiota kutu. Mama huyu alitaka kujenga chumba cha kupangisha mahali pale, apate karo ya wajukuu. Vijana wanane waliishika, wakahesabu moja, mbili, tatu. Chuma kikakaa kimya kama hakikusikia.

Ndipo ndugu mmoja akaleta Land Rover yake yenye winchi mbele. Wengi wenu mmeiona winchi: ni ngoma ya chuma iliyozungushiwa waya mrefu, na mota yake hupata umeme kutoka kwa betri ya gari. Ujia ulikuwa mwembamba, kwa hiyo gari likasimama barabarani, na waya ukapitishwa kati ya nyumba mbili hadi uani. Mwenye gari akabonyeza swichi. Waya ukakaza. Tukaona kitu kinasogea, tukashangilia.

Kumbe kilichosogea ni gari! Mvua ilikuwa imenyesha usiku, magurudumu yakateleza topeni, na Land Rover ikaanza kwenda polepole kuelekea ukuta wa jirani. Mashine haikutikisika hata kidogo.

Fundi mmoja mzee wa Kamukunji alikuwa amesimama akitutazama. Akasema, "Wazee, winchi haijui mzigo ni upi. Humvuta aliyelegea aende kwa aliyekaza. Mfungeni kwanza anayevuta."

Tukamtii. Tukavuta breki ya mkono, tukaweka mawe makubwa mbele ya magurudumu, na nyuma tukalifunga gari kwa mnyororo kwenye lori lililojaa mchanga. Tukainua mashine kwa mitaimbo, tukapenyeza mabomba ya chuma chini yake. Fundi akafunga kapi penye mzigo, waya ukapita humo na ncha yake ikarudishwa na kufungwa barabarani. Hivyo nguvu huwa karibu maradufu, ingawa mwendo hupungua nusu. Akatandika blanketi zito juu ya waya, maana waya ukikatika huchapa kama mjeledi na waweza kuua. Watoto wakaondolewa, na hakuna aliyeruhusiwa kuuruka. Tena hakuruhusu waya uishe kwenye ngoma. Aliacha mizunguko isiyopungua mitano, kwani hiyo ndiyo ishikayo, si ile ncha iliyofungwa ndani. Tukavuta kidogo, tukasimama, tukahamisha mabomba, tukavuta tena. Kabla ya adhuhuri mashine ilikuwa barabarani, na yule mama akapiga vigelegele.

Wapendwa, tulirudi nyumbani kwa furaha, lakini neno la fundi lilituchoma. Tulimkumbuka ndugu yetu mmoja.

Ndugu huyo alikuwa na bidii kuliko sisi sote. Kijana wa jirani alikuwa amenaswa na chang'aa, nasi tukamtuma ndugu huyu amtoe. Tukamwambia, "Wewe una kipawa." Tukamwombea Jumapili moja, tukaenda zetu. Kila jioni alikwenda peke yake. Mwanzo alisimama mlangoni. Baadaye akaingia, akaketi na kijana amsikilize. Kisha akapokea kikombe kimoja ili asimuudhi. Mwaka haukuisha, wanywaji wakawa wawili.

Nasi tulifanya nini? Tulimlaumu. Tukalifuta jina lake katika orodha ya wazee wa kanisa. Hatukujiuliza ni nani kati yetu aliyekuwa mnyororo nyuma yake.

Mtume Paulo alipowaandikia Wagalatia, katika sura ya 6, aliwaagiza wamwinue kwa upole mtu aliyeanguka. Lakini papo hapo aliwaonya kwamba mwenye kuinua naye yuko hatarini. Ndiyo sababu agizo la kuchukuliana mizigo alilipa kanisa zima. Yule mgonjwa wa kupooza katika Marko sura ya 2 alichukuliwa na watu wanne, na katika sura ya 6 Bwana Yesu aliwatuma wanafunzi wake wawili wawili. Alijua kwamba njia ina utelezi.

Jumatano iliyofuata, watatu kati yetu tulikwenda kwa ndugu yule. Tulikwenda kuomba msamaha. Alifungua mlango, akatutazama kwa muda mrefu, kisha akauliza neno moja tu: "Mbona mmekawia?"

Hatukuwa na jibu. Tuliketi naye hadi usiku. Kazi haijaisha: siku nyingine waya hukaza, siku nyingine hulegea, na yule kijana bado tunamfuata. Lakini sasa hakuna aendaye peke yake.

Msikilizaji mpendwa, unamvuta nani leo? Labda ni mwanao, labda ni mume wako, labda ni rafiki wa kazini. Usiache kumvuta. Lakini jiulize: nyuma yako umefungwa wapi? Na wewe uliye salama kanisani, ni nani uliyemtuma kisha ukamsahau? Mtafute leo, kabla jua halijatua.

Na tuombe. Ee Bwana, wewe ndiwe mwamba usiosogea. Utushike sisi tunaovuta, utufunge sisi kwa sisi, na utusamehe wale tuliowaacha peke yao. Amina.